Skonzi nilizomuokea Mama

Tabu, upo? Mama hanijui. Mama yangu mzazi, leo hanijui!

Si unaona hiki kibaridi? Nikasema nimuokee skonzi za iliki, zile alizonifundisha mwenyewe. Unga ukagoma kuumuka, nikausogeza karibu na jiko mpaka ukakubali.

Nikampelekea za moto na chai. Akala moja, akachukua ya pili, anacheka kabisa.

Mara ananiuliza, "Binti, nani kakufundisha?"

Nikajua utani. "Si wewe, Mama!"

"Mie? Mie sina mtoto wa kike."

Hana mtoto wa kike, Tabu! Na skonzi yangu iko mdomoni!

Sasa hivi ananihimiza niondoke, eti giza linaingia, mama yangu atakuwa roho juu. Nimjibu nini, shoga?