Maji Hayana Harufu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba mguu wa mama umeshakubali kukanyaga chini. Mwambie aache kuwatisha manesi kwa ile fimbo. Fimbo ni ya kutembelea. Mimi ni mzima wa afya, sauti imezidi kuwa nene, na ndevu zimefika tatu, nazihesabu kwa kidole bila kioo. Boti yako nayo haijambo kwa sasa. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijamaliza sentensi ya pili, na haya yana sentensi nyingi. Darasa la saba nililiacha mimi, halikuniacha lenyewe, kwa hiyo herufi ninazo za kutosha.

Dada, nimekasirika mpaka chai hainishuki. Barua yako ya kumwachisha kazi Mzee Chupa ilifika juzi kwa mkono wa dereva wa lori la saruji, pamoja na kijikaratasi cha kuniagiza mimi ndiye nimsomee, eti kwa kuwa macho yake hayaoni tena herufi ndogo, na kwa kuwa mtu hufukuzwa kwa maandishi, si kwa maneno ya gatini. Hivi wewe uliyenilea umekosa kazi nyingine ya kunipa? Fundi aliyeifunga injini ile kwa mikono yake siku uliyonunua boti, ambaye kwa miaka minane hajaiacha ikohoe mara mbili, leo unamtoa kwa neno la Kola!

Tuseme ukweli kuhusu huyo nahodha wako. Ana mashati sita meupe, na kola zote ngumu kama ubao, ndiyo maana gati zima linamwita hivyo. Dizeli anaijua kwa jambo moja tu, kwamba inachafua shati. Tangu aanze kazi hajawahi kuinua kifuniko cha injini hata kwa bahati mbaya. Ukimuuliza Kola habari za injini, umemuuliza kipara habari za kitana.

Alichokuambia ni nusu ya kweli. Ni kweli Jumanne ya wiki jana tulikuwa na abiria ishirini na wawili, na mgonjwa mmoja juu ya machela aliyekuwa akivushwa kwenda hospitali ya ng'ambo. Ni kweli katikati ya maji injini ilikohoa, ikatetemeka, ikanyamaza, na mkondo ukaanza kutusukuma kwenye nguzo za lile gati la zamani lililovunjika. Watu wakaanza kuwaita mama zao. Kola alimwita wa kwake kabla ya abiria wote. Lakini hakukuambia nani alituokoa! Mzee Chupa alishuka kwenye injini, akafungua filta, akakinga yaliyomo kwa chupa yake ya kioo, akaiangalia mara moja tu, akaanza kazi. Akatoa maji chini ya tangi, akafunga filta mpya, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, mmoja baada ya mwingine, huku mimi nikimpa spana anazotaka na nyingine asizozitaka. Injini iliwaka tukiwa tumebakiza urefu wa kitanda kuifikia nguzo ya kwanza. Mgonjwa akafika. Mbona hilo halikuwamo kwenye simu ya Kola?

Muuza dizeli ya mapipa naye sijamsamehe. Siku ile pampu ya kituo cha mafuta ilikuwa imeharibika, nikanunua madumu mawili kwake nyuma ya ghala. Mapipa yake yamesimama nje, mvua inayaogesha, vifuniko vimelegea kama meno ya kibogoyo mtarajiwa. Nilipokwenda kumgombeza baadaye, alinijibu kwamba dizeli ni dizeli, na injini si mtoto mchanga wa kuchaguliwa maziwa. Nikamwambia kwamba lori likizimika, dereva hushuka akasimama kando ya barabara akapiga miluzi. Je, boti ikizimika, ashukie wapi? Akageuka kukaza kifuniko cha pipa. Nilimshinda kabisa. Watu wawili walinipigia makofi, ingawa mmoja nadhani alikuwa anaua mbu.

Na unajua nani huchagua mafuta ya boti yako. Tangu siku niliponusa dumu la mchuuzi mmoja mbele ya watu, nikasema limechanganywa na mafuta ya taa, na ikawa kweli, jina la Pua limenikaa kama kofia iliyopimwa. Mzee Chupa hana mbwembwe hizo. Kila dumu hutoa kidogo, akatia kwenye ile chupa yake ya kioo cheupe, akaiweka mahali isipotikisika, akasubiri mafuta yatulie, ndipo ainame kuangalia kitako cha chupa. Nusu saa nzima! Nilikuwa nikimtania kwamba akioa tena, bibi harusi atatulizwa kwanza ndani ya chupa. Alikuwa akicheka, kisha akaendelea kusubiri.

Lakini anayeniudhi kuliko wote ni mzee mwenyewe. Kola alimfokea gatini mbele ya abiria, kwamba amezeeka, kwamba macho yamekwisha, kwamba nusura atuue sote. Mzee akafuta mikono, akasema mafuta ya boti hii ni dhamana yake. Basi! Hakutaja mtu. Mtu akionewa si apige kelele? Si anyooshe kidole? Watu walipotawanyika akaniletea ile chupa. Dizeli ilikuwa juu, na chini yake maji ya vidole viwili. Akaniambia, kwa sauti ileile ya kuomba spana, kwamba pua yangu ni nzuri sana, ila maji hayana harufu. Akaniachia chupa mkononi, akaenda kunawa.

Dada, kama umesimama, keti. Asubuhi ile Mzee Chupa aliniuliza kama madumu nimeyapima. Nikamwambia nimeyapima yote mawili, kwenye chupa, tena yako safi. Sikuyapima. Nilifungua kifuniko, nikanusa, nikapiga kifua mbele ya wasichana wa tikiti, nikamimina tangini. Aliniamini kwa sababu juu ya injini sikuwahi kumdanganya. Juu ya mengine nilishamdanganya vya kutosha. Najua methali unayoitafuta sasa hivi, ile ya mgema na tembo lake. Usihangaike, nimeshajisomea mwenyewe, na maji nimeyashika mkononi.

Na si hilo tu. Jana alasiri nilimsomea barua yako. Alivaa shati safi, kwa kuwa ni barua ya mwenye boti, akaketi juu ya dumu tupu. Mstari wa kwanza ulinikwama. Basi nikamsomea kwamba unamsalimu, kwamba umesikia jinsi alivyowaokoa watu, kwamba kuanzia sasa hakuna tone litakaloingia tangini bila kupita kwenye chupa yake, na kwamba yule kijana Pua asiguse dumu mwezi mzima, asugue sitaha tu. Hiyo ya mwisho niliitia ili ifanane na wewe. Akaniomba nirudie pale pa kuokoa watu. Nikarudia, na kwa neema ya Mungu maneno yalitoka yaleyale. Akaniangalia kama anavyoangalia kitako cha chupa. Kisha akaichukua barua, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema Jumapili mjukuu wake atamsomea tena nyumbani, maana ana kawaida ya kusoma polepole, na barua nzuri inafaa isomwe polepole.

Dereva wa saruji anaondoka kesho alfajiri na barua hii, na anarudi huku Jumamosi. Andika ile niliyomsomea, kwa mkono wako, ifike kabla ya Jumapili, ili mjukuu asome hiyo. Kesho tukifunga gatini nitamwambia Kola ukweli mbele ya abiria, kwa sauti hii nene, hata kama itakatika. Na kama lazima mtu aachishwe kazi, iandike barua hiyo kwa jina langu. Hiyo nitaisoma neno kwa neno, sitaongeza wala kupunguza.

Msalimie mama, mwambie ndevu ni tatu kweli. Wasichana wa tikiti wanakusalimu. Mzee Chupa anakusalimu sana, na amenituma nikushukuru kwa barua yako nzuri.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa nikiitwa Pua.