Kibuyu cha Gogo Kitabaki Jikoni

Chebet, mtoto wa kaka yangu,

Natumaini huko shuleni Nakuru unakula vizuri. Sisi huku Keringet tuko sawa. Mtoto wangu ameota jino na ananiuma akinyonya.

Umeniuliza kwa nini kibuyu cha maziwa cha gogo, nyanya yako, hakiko kwenye kile chumba mlichotembelea, cha vitu vya zamani. Kusema ukweli, nilitaka sana kikae huko. Jirani yetu Mama Kiprono alipeleka cha marehemu mama yake, kikawekwa ndani ya kioo na jina likaandikwa. Alirudi akitembea kama chifu.

"Na chako bado kinashika masizi tu jikoni?" akanicheka.

Nilimwonea wivu sana. Asubuhi moja nikakifunga kwa leso nikipeleke. Mama Kiprono akanikuta mlangoni, amekuja kuomba kaa la moto.

"Hebu nikinuse kwanza," akasema. Akalegeza leso, akatoa kifuniko, akavuta harufu ya mkaa tunaosugulia ndani, akafumba macho.

"Changu walikiosha na sabuni," akasema polepole. "Hata wakinifungulia kioo, harufu ya mama imeisha."

Nikafungua leso, nikakirudisha mahali pake.

Siku hizi anapita jioni kunusa, na sitakuficha, nafurahia kuonewa wivu. Lakini maziwa namkaribisha. Mkifunga shule njoo tukisugue pamoja, nataka huyu mtoto akue akiijua hiyo harufu.

Shangazi yako,
Chelangat