Vidonge vya Bibi Somoe

Alhamisi, Lindi. Mvua tangu alfajiri, wodi nzima inanuka nguo mbichi. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Zuhura amenisaliti.

Niandike yote, nisije nikajidanganya baadaye. Wiki tatu zilizopita tulimruhusu Bibi Somoe wa Kilangala, aliyelazwa kwa damu kuganda mguuni. Daktari alimwandikia vidonge vya kuzuia damu isigande. Vile si vya kuchezea: vikizidi mwilini, mtu huvuja damu, kwa hiyo lazima arudi kila wiki apimwe. Nikamwambia daktari, "Huyu tumpe vya wiki moja, arudi." Akanijibu bila kuinua macho, "Wamehamishiwa kijiji kipya, lori lao linakuja likitaka. Mpe chupa nzima."

Nikampa. Zuhura alikuwa ubavuni mwangu na trei ya dawa. Alinifinya, maana yake ninyamaze.

Juzi Bibi kaletwa na lori hilohilo, kanga zimelowa damu. Goti lilimsumbua, akaenda kuumikwa kama walivyoumikwa mama yake na bibi yake. Fundi akachanja kwa wembe, akabandika pembe ifyonze damu chafu. Damu ikatoka, ikagoma kukoma.

Leo tumeitwa kikaoni mbele ya mganga mkuu. Daktari, bila hata haya, kasema yeye aliagiza vidonge vya wiki moja, chupa nzima katoa nesi. Nikamgeukia Zuhura. Shoga yangu tangu chuo! Mwanangu alimnyonya yeye nilipougua homa, leo watoto wetu ni ndugu wa ziwa. Akaangalia kucha zake.

"Mimi sikusikia," akasema.

Hakusikia! Na kunifinya kule alinifinyia nini? Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nimeambiwa huenda nikaachishwa kazi. Nimekwenda kulia chooni kama mtoto.

Lakini kuna jambo sikulitamka kikaoni, na hapa sitalificha. Siku ile Bibi aliniuliza, "Mjukuu wangu, dawa hii miiko yake nini?" Kwao hakuna dawa isiyo na miiko. Ukipewa hata mzizi, unaambiwa usile nini, usifanye nini. Nami nikacheka. "Dawa ya hospitali haina miiko, bibi. Meza tu." Zamu ilikuwa inaisha, nilitaka kwenda nyumbani.

Ilikuwa nayo.

Usichanjwe, usiumikwe, usikose kupimwa. Yangenichukua muda gani kuyasema?

Jioni nimepita kitandani kwake. Kaongezwa damu, alhamdulillahi, macho yameanza kupata nuru. Kumbe mganga mkuu alikuwa ameshamhoji. Nikamuuliza kamjibu nini. Akanishika mkono.

"Nimemwambia kwamba nesi alinikataza kuumikwa, uzee ukanisahaulisha. Usihangaike, mjukuu wangu. Una mtoto wa kulea."

Nikamfunika shuka vizuri, nikatoka.

Nikinyamaza, pengine kazi yangu itapona. Lawama atabaki nayo yeye, na wodini wameshaanza kusema, "Wazee hawa wa vijijini hawasikii." Na daktari ataandikia wengine chupa nzima.

Naogopa, Mungu ananiona. Ila kesho, kabla sijavaa sare, nitabisha hodi kwa mganga mkuu nimwambie kwa mdomo wangu: Bibi Somoe hakusahau kitu.