Namba ya Chef Gaston

Likasi, Jumapili, saa kumi za mchana. Mawingu, joto, mvua inatutania tu.

Mimi ndiye niliyemuozesha Placide. Kwa mdomo huu huu. Kaka ya bibi harusi alikataa, mimi nikafungua kinywa, yeye akakubali. Mji mzima unajua.

Uongo.

Kinywa nilifungua, hiyo ni kweli. Mengine yote ni uongo, na ninakiri leo kwa sababu Placide, jirani yangu, anachoma kuku upande wa pili wa ukuta na harufu imeniamsha kitandani.

Ilikuwa miaka ile ya tisini. Hapa Panda, mtaa wetu wa viwanda, mashine zilikuwa zimenyamaza, mshahara ulikuwa hadithi, na sisi wanaume wazima tulishinda nyumbani tukisumbua wake zetu. Mwalimu mmoja muzungu, alipofunga mizigo kurudi kwao, aliniachia sanduku la mchezo: kitabu cha Kifaransa chenye majoka na wachawi, karatasi, na dadu la ajabu lenye pande ishirini. Sisi tuliliita de. Kila mchezaji anakuwa muntu wa kwenye karatasi, anasema anachotaka kufanya, kisha anatupa de kuona kama amefaulu. Mimi nilikuwa bwana wa mchezo, maana ni mimi tu niliyejua kusoma Kifaransa.

Nusu yake. Shule niliiacha kule Mulungwishi, darasa la nne. Au yenyewe iliniacha, tusibishane.

Tulicheza Jumamosi mchana, watu watatu: mimi, Donatien, fundi wa umeme aliyegeuka mutu wa maombi, na Placide, mwenye kigugumizi.

Kwenye mlango wa mji wa kwanza ndani ya mchezo kuna mlinzi. Nikasoma kwa sauti: ili mlinzi akubali maneno yako, de ionyeshe quinze, kumi na tano.

Wakaanguka kwa kicheko. Article 15! Wakati ule Zaire nzima iliijua hiyo sheria ambayo haikuandikwa popote: jipange mwenyewe, ishi unavyoweza. Basi tukaelewa kwamba kitabu kinatuambia de iwekwe kando, kila mutu apite kwa ujanja wake.

Donatien alipita siku ile ile, akimwita mlinzi Chef, yaani mkubwa. "Chef, batoto beko na njala ku nyumba, na weye uko muntu wa Mungu!" Mimi, niliyekuwa mlinzi, nilikaribia kulia. Nikamfungulia.

Placide akasema, "Ch-ch-ch..." Giza likaingia kabla hajafika mbali.

Jumamosi tatu muntu wake alisimama nje ya mlango, kwenye mvua. Mvua ile nilikuwa naiongeza kila wiki, nisamehewe. Na karatasi yake ilisema ana karisma kumi na nane, yaani watu wanampenda kuliko sisi wote! Nilipomweleza Donatien, alikasirika: "Karisma inatoka kwa Roho Mutakatifu! De itamupatia namna gani?"

Wiki ya nne nikafungua ukurasa wa pili. Ndiyo, wiki ya nne. Haraka ya nini?

Kumbe kumi na tano ni mwanzo tu. Bwana wa mchezo anaipandisha au anaishusha. Mlinzi ametukanwa? Ipande. Kuna kitu anakosa, na wewe umekiona? Ishuke. Halafu ndipo de inatupwa. Kigugumizi hakihesabiwi.

Placide akafikiri. "Chef, u-u-ulisha kula?"

Jumamosi tatu walimpa mlinzi yule sifa, tumbako na Zaburi nzima. Hakuna aliyemuuliza hilo. Nikashusha namba mpaka nane. De ikatoa tisa. Placide akainuka, akaizunguka meza mara mbili kama mwenye kuingia Paris.

Kisha akatwambia ukweli wake. Alimpenda Véro, mjane aliyeuza mikate sokoni. Véro alikubali, lakini kaka yake Gaston, zamani mkubwa wa karakana, alitaka kumpeleka Kolwezi kwa mwanaume mwingine kabla ya mwezi kuisha.

"Fa-fanya mulinzi akuwe Gaston," akaniomba.

Tukampigia Gaston hesabu. Mwanzo ishirini, maana ni Gaston. Akiitwa Chef, toa mbili. Tukiingia na kuku mkononi, toa tatu. Donatien alitaka kuongeza kufunga siku tatu. Tukamwambia tumeshafunga vya kutosha tangu mishahara ilipokatika. Na mimi nikajitoa kuwa msemaji, kwa kuwa mwenye kuoa hasemi, anasemewa. Malipo yangu: firigisi ya kuku yule. Kwetu firigisi haipewi mutu yeyote tu. Placide aliapa.

Jumapili tukaenda na kuku wetu. Gaston alikaa wima kwenye kiti, suruali imefungwa kiunoni na waya wa umeme. Nikasema. Nikasema tena. Nilipoona hacheki, nikaleta mzaha: "Chef, mji mzima hauna umeme, kumbe waya zote ziko kwako!"

Namba ikapanda mpaka ishirini na tano. De yenyewe inaishia ishirini.

"Papa," Gaston akaniambia, "weye uko sawa radio yenye bouton ya kuzima imekufa. Nyamaza." Akamgeukia Placide. "Weye, mwenye kuoa. Sema."

Nyuma ya pazia Véro akasogea karibu asikie.

Placide aliuangalia ule waya muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeuona nikapata kichekesho. Yeye aliona kiuno kilivyokonda.

"Ch-chef. U-ulisha kula?"

Gaston akatazama chini. "Hapana," akasema, kwa sauti ndogo kuliko yeye. "Tangu juzi." Kisha akapaza: "Véro! Weka sufuria ya mayi ku moto, tupike hii kuku!"

Kuku yule hakumaliza nusu saa, na kabla mifupa haijapoa Gaston alikuwa amekubali ndoa. Placide alipofungua ngumi yake, de aliyokuwa ameificha humo ikaanguka kwenye sakafu. Mbili! Kwenye mchezo angelala nje. Nimewaza miaka yote hii, na naona namba ya Gaston ilikuwa moja.

Firigisi alikula Gaston. Placide mwenyewe ndiye aliyemwekea kwenye sahani, huku akiniangalia mimi machoni. Nilinyamaza. Ndiyo hotuba yangu nzuri kuliko zote za siku ile.

Sasa, Placide, najua unasoma haya kwenye simu. Nakusikia ukicheka hapo, na kicheko chako hakina kigugumizi. Mguu sitaki. Mchuzi sitaki. Ile firigisi uliyoniapia, ipitishe juu ya ukuta kabla mvua haijashuka.

Na ukiuliza: hapana, sijakula.