Upande wa Kushoto wa Kidevu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeumbuka! Dokta Lusia, yule wa ngozi anayekuja Mpanda na mashine yake ya leza mara moja kwa mwezi, kanilaza, kanivalisha miwani myeusi, kanishika kidevu. Akauliza ndevu ziko wapi. Nikamwambia nimezing'oa jana kwa kibano, moja moja, ili nije msafi. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Kumbe mwanga unafuata weusi wa unywele, unashuka nao mpaka kwenye shina. Mimi nimeshang'oa njia yenyewe! Nirudi tarehe 3 Julai, kibano marufuku. Kunyoa ruksa.

Na Denis analeta barua ya posa tarehe 22. Miaka miwili tuko pamoja, hajui kama nina ndevu. Akijua, sijui kama atabaki. Naogopa, basi.

Alhamisi, 5 Juni

Ila mwanga unajuaje kuiruka ngozi yangu, nyeusi hivi, ukashike unywele tu? Nimempigia dokta. Anasema mashine zinatofautiana, ya kwake haishiki sana weusi wa ngozi, inazama chini zaidi, na ataanza kujaribu padogo chini ya taya. Inauma? Kama rababendi ikikufyatukia. Nywele nyeupe je? Hizo haziondoki, mwanga hauna cha kushika.

Ninazo mbili nyeupe. Mbili!

Jumapili, 8 Juni

Zimeanza kuchomoza. Kanisani nimevaa barakoa, nikawa nakohoa kidogo watu waamini.

Shangazi Dorotea, aliyenilea, ndiye peke yake anayejua. Anasema nisithubutu wembe, zitarudi nene kama za mwanaume. Halafu eti mwanamke mwenye ndevu ana bahati, niziache tu. Yeye anazo? Hana! Dokta naye anasema wembe unakata juu, shina halina habari. Mmoja wao ananidanganya.

Jumatano, 11 Juni

Mimi fundi cherehani, bila kupima siamini. Kushoto nanyoa kila asubuhi. Kulia sigusi. Siku kumi, halafu nilinganishe kwa kioo na tochi ya simu. Denis yuko Kakese shuleni kwake, anasahihisha mitihani, haji mjini mpaka siku ya barua. Nafasi ndiyo hii.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya nne. Kushoto hazijanenepa hata kidogo. Dokta anaongoza!

Saa tano hivi, dukani, barakoa nimeivua kwa joto, nimeinama nakata shati la mteja. Mtu mlangoni — Denis! Kamaliza kusahihisha mapema. Nikadaka kitambaa nikajifunika mdomo. Nimechelewa. Kaangalia kulia. Kaangalia kushoto. Nilitaka ardhi ipasuke.

Akauliza, taratibu kabisa: "Sasa we Pudensiana, mbona leo umefanya upande mmoja?"

Leo! Yaani siku zingine anajua nafanya pande zote!

Nimekimbilia chumba cha nyuma, nimejifungia. Naandikia kwenye daftari la vipimo. Anagonga. Anasema nitoke, kuna mteja anamuuliza bei za sare na yeye hazijui. Nataka kucheka, nataka kulia. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kung'oa ndevu, kumficha nani?

Nimemuuliza kupitia mlango: tangu lini?

Sasa namsikia anahesabu miezi —