Mlango wa Saba Kutoka kwa Mfereji

Mama yangu mpendwa,

Jana nilirudi kule laini. Usishtuke, nilienda mchana kweupe, kwa miguu, kutoka lango la shamba la chai hadi kwenye zile nyumba za wachumaji ulikoniogeshea kwa karai. Ziko vilevile: safu nane, kila nyumba mlango mmoja wa kijani na dirisha moja, kana kwamba aliyezichora alikuwa na wazo moja tu maishani. Kinachokosekana ni watu. Tangu mashine zianze kuchuma chai, wachumaji walirudi makwao na milango ikatiwa kufuli. Nilitembea nikisikia viatu vyangu vikinijibu ukutani. Niliogopa, Mama.

Unakumbuka nilivyokuwa nikipotea? Nikitoka shule naingia kwa watu, nakaa, naanza kula, ndipo mwenye nyumba ananitazama. Watoto wote wa laini walifanya hivyo. Ulicheka mpaka ukachoka, kisha ukanifundisha: "Anza kwa mfereji wa safu yetu, hesabu milango saba. Usifuate rangi, itakudanganya."

Na ulivyofagia je? Kila asubuhi ulianzia nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe, ukirudi kinyumenyume hadi ndani ya mlango, usiache unyayo hata mmoja. Nilikuwa msichana mkubwa uliponiambia kwamba chini ya jiwe amelala Omondi, mdogo wangu wa siku nne. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda kwetu, na Baba akamzika pale bila meneja kujua.

"Mtoto hakanyagwi," ulisema.

Mwaka jana, kitandani, uliniomba kitu kimoja: "Niletee mtoto." Tulikuzika kwetu karibu na ziwa bila yeye, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Ndiyo maana nilibeba jembe dogo na leso yako.

Mfereji, lile bomba letu la maji, umekauka lakini upo. Nilihesabu. Mbele ya mlango wa kwanza nyasi zilinifika magotini, na wa pili, hivyo hivyo mpaka wa sita. Mbele ya wa saba palikuwa pamefagiwa. Mistari ya ufagio ilikuwa mibichi, ikitoka kwenye jiwe, ikizunguka ukuta, ikiishia mlangoni. Hapakuwa na unyayo. Kufuli ilikuwa imeshika kutu. Nilielewa kwamba aliyefagia alimalizia ndani.

Askari wa lango, Mkipsigis mpole aliyenisindikiza kutoka langoni, alibaki kwenye mfereji.

"Hii ndio nyumba yenu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kila asubuhi tunapata imefagiwa. Sisi tulifikiri ni watu yenu wanakuja."

Watu gani, Mama? Baba alikutangulia, na nimebaki peke yangu.

Nilipiga hodi, maana ndivyo ulivyonilea. Nikazunguka hadi kwenye jiwe, nikachimba udongo kidogo, maana mtoto wa siku nne alishakuwa udongo, nikaufunga kwenye leso. Nilipoondoka niliacha nyayo uani kwako. Nisamehe.

Jioni hiyohiyo niliuzika ule udongo ubavuni mwako. Ulikuwa mwepesi, nikaubeba kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto.

Asubuhi ya leo askari amenipigia simu. "Madam, leo haijafagiwa," amesema. "Nyayo zako bado ziko."

Nimelia mpaka nikatulia. Weka ufagio chini sasa, Mama. Lala na mwanao.

Ni mimi binti yako,
dada yake Omondi