Nilikishika Kiwiko cha Salha

Jumapili. Mawingu yamejaa tangu asubuhi, mvua haishuki, jua halitoki. Na mimi niko hivyo hivyo.

Sijalia. Najishangaa.

Kwa asiyetujua: Salha ni binti yangu, meno ya utoto yameanza kung'oka, na haongei. Hajawahi. Mimi shule niliishia la saba, napinda khanga kwa cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa hapa Kariakoo. Khanga moja iliungua pasi, nikakata herufi zake, zilizopungua nikatoa kwenye khanga zangu kuukuu, nikazishonea zote kwenye kipande cha turubai. Kwenye simu nilikuwa nimemwona mama mmoja kamshika mwanawe kiwiko, mtoto anagusa herufi moja moja. Nikafanya vile vile.

Na Salha akaandika. NAKUPENDA MAMA. Siku ile wapangaji wote walijaa mlangoni kwangu, mtu kaacha wali unaungua uani. Tangu hapo maneno hayakukauka. MAMA USICHOKE. SUBIRA YAKO NURU YANGU. Sikujiuliza mbona mtoto anasema kama khanga.

Halafu akaandika: BIBI SITAKI.

Bibi ni mama mkwe wangu wa Buguruni. Ndiye aliyekuwa anashinda na Salha nikiwa kazini. Siku chache nyuma alikuwa amenisema mbele za watu kwamba namlisha mtoto chipsi kila siku kwa uvivu, na mimi nilinyamaza, lakini lilinikaa. Basi nikaacha kumpeleka. Nikamtumia ujumbe kwamba mjukuu wako amekataa mwenyewe, kwa maandishi.

Hakujibu.

Leo akaja wifi yangu Mwanaidi. Hakukaa hata vizuri.

"Wifi, mama hali. Anashika tu kikombe, chai inapoa. Anauliza alimfanya nini mtoto."

Nikamwambia si maneno yangu, ni ya Salha.

"Haya. Toka nje basi. Namwonyesha kitu, ukirudi akiandike. Mimi ni shangazi yake, nataka kusikia neno lake, si lako."

"Unanipima mimi?"

"Nakupima wewe, ndiyo. Ukishinda nitakuomba radhi hapo uani, wapangaji wote wasikie. Toka, usinune."

Nikatoka. Niliporudi nikakishika kiwiko taratibu kama kawaida. Wifi kila akija hakosi kumletea Salha ubuyu, na mimi nilijua kabisa ni ubuyu. Kidole kikaenda U. Kikaenda B. Mpaka mwisho. UBUYU.

Wifi akatoa kitana chini ya khanga yake.

Hakucheka. Ningependa angecheka, akanisema, ningepata pa kushika. Alisema tu, "Mama Salha, jamani," akakaa chini. Nikamwambia turudie. Akaficha kitu kingine, nikatoka, nikarudi. Likaja tena neno nililokuwa nalo mimi kichwani, si kile alichoficha.

Ulikuwa mkono wangu. Sikuusukuma, naapa. Lakini ulikuwa wangu.

Kwa hiyo nakupenda mama nilijiandikia mwenyewe. Na bibi sitaki, vilevile. Salha hakuwa hata anaangalia herufi, alikuwa anaangalia dirishani. Huwa anaangalia dirishani. Nilikuwa nawaambia watu hiyo ndiyo staili yake.

Salha akakiokota kitana. Akamwekea shangazi yake mkononi, akageuka, akampa kisogo, akasubiri. Wifi akaanza kumchana. Hakuna aliyemshika popote.

Niliangalia tu. Nilijua ni kitu kikubwa, kama unavyojua maji ni ya moto kabla hujayagusa, lakini ndani hapakusema kitu.

Baba Salha aliporudi akauliza kama kawaida yake, "Leo mwanangu kasema nini?"

Nikamwambia, "Kaomba kuchanwa nywele." Nikamweleza na mengine yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kukaa barazani peke yake. Sikumfuata.

Herufi sitaziacha. Nitamkalia pembeni, mikono yangu mapajani, hata kama mwaka mzima hatagusa hata moja. Labda ataanza na vitu, ndipo zije herufi. Sijui. Nitatafuta anayejua kazi hii, si simu tu.

Lakini asubuhi, kabla ya duka, nampeleka Buguruni. Nitampigia mama mkwe magoti, nitasema shikamoo. Akiitikia marahaba nitajua pa kuanzia.

Na asipoitikia?